Ngoma, Baraza na Haki ya Kujibu: Mazungumzo ya Hadhara Katika Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Waandishi wanaoshughulikia uhusiano wa burudani na utawala aghalabu huanza na Roma ya kale, ambako mshairi Juvenal aliwasuta wananchi wenziwe kwa kuyaacha mambo ya dola na kutaka mikate na michezo tu. Mnamo 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Neil Postman, aliirudisha hoja hiyo kwa sura mpya. Alidai kwamba televisheni imeyageuza mambo yote ya umma, yaani habari, dini, elimu na uchaguzi, yakawa namna ya burudani, na kwamba watu waweza kupoteza uhuru wao kwa kuchekeshwa sawasawa na wanavyoweza kuupoteza kwa kufungwa.

Hoja ya Postman ina uzito, lakini haiwezi kuletwa Kwale kama ilivyo. Yeye alikuwa akiilinganisha televisheni na jamii iliyozoea kujadiliana kwa maandishi, katika vitabu na magazeti. Watu wa pwani ya kusini ya Kenya, toka kivuko cha Likoni hadi Vanga, hawakujitawala kwa chapa. Walijitawala kwa mdomo, na siku zote ngoma haikuwa mbali na mdomo huo. Kwa hiyo anayesema kwamba ngoma ndiyo iliyoliua baraza atakuwa amekosea historia. Maana kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikaa katika kiwanja kimoja.

Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba jambo lililobadilika si wingi wa burudani, bali ni nafasi ya mtazamaji kujibu. Burudani iliyompa msikilizaji haki ya kujibu iliyalisha mazungumzo ya umma. Burudani iliyomnyima haki hiyo iliyadhoofisha, hata pale ilipopigwa kwa zumari na ngoma zile zile. Ushahidi utatafutwa kwanza katika lugha, kisha katika historia.

2. Ushahidi wa Lugha

Msamiati wa kujitawala katika Kiswahili umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kauli ya kutendana. Watu hukutana, hushauriana, hujadiliana, husikilizana, hukubaliana na hupatana; na kutokana na vitenzi hivyo twapata mkutano, mashauriano, majadiliano, makubaliano na mapatano. Kila moja ya nomino hizi imebeba kiambishi -an-, ambacho humtaka mtendaji awe pia mtendwa. Anayeshauriana na mwenziwe hana budi kukubali kushauriwa.

Msamiati wa burudani, kwa upande wake, huelekea kwenye kauli ya kutendesha. Msanii huburudisha, hufurahisha, huchekesha na huonyesha. Hadhira huburudishwa, hufurahishwa, huchekeshwa na huonyeshwa. Neno burudani lenyewe lina uhusiano na burudi na baridi, na maana yake ya asili ni ya kupozwa. Tamasha nalo lilitoka katika Kiarabu, ambako lilihusu kutembea pamoja. Likapita katika Kiajemi na lugha za Bara Hindi, na hata lilipoingia katika Kiswahili lilikuwa tayari limekuwa jambo la kutazamwa. Waliokuwa wakitembea pamoja wamekuwa watazamaji.

Hapana budi kutoa tahadhari hapa. Kiambishi hakithibitishi historia, wala kauli ya kutendana si kauli ya wema peke yake, kwa kuwa mapigano na magombano yameundwa kwa kiambishi hicho hicho. Lakini hata jambo hilo lina mafunzo yake. Katika Kidigo, kitenzi gomba maana yake ni kusema au kuzungumza, na kamusi ya Kidigo iliyotolewa mwaka 2004 ilipewa jina la Mgombato. Msemaji wa Kiswahili sanifu, ambaye kwake kugomba ni kukaripia na kugombana ni kuteta, huenda akashangaa kusikia kwamba jirani yake anapogomba anazungumza tu. Si lazima kudai kwamba maana moja imeizaa nyingine ili kuona kwamba usemi wa kweli wa hadhara na ubishi havikai mbalimbali. Mahali ambapo hakuna anayebisha, mara nyingi huwa hakuna anayezungumza pia. Kuna anayehutubu na wanaosikiliza.

3. Moro na Kiwanja cha Ngoma

Mapokeo ya Mijikenda, kama yalivyochunguzwa na mwanahistoria Thomas Spear katika kitabu chake cha 1978 juu ya kaya, yanaeleza kwamba katikati ya kila kaya palikuwa na mahali palipoitwa moro, ambapo wazee walikaa kuamua mambo ya watu. Wadigo wana kaya zao katika pwani ya kusini, miongoni mwao Kinondo, Diani, Tiwi na Muhaka, na baraza la wazee wao huitwa ngambi. Uamuzi ulitafutwa kwa maafikiano, si kwa kuhesabu vichwa. Na maafikiano hayapatikani mpaka mwenye neno amelitoa, na mwenye kulipinga amelipinga.

Haifai kuupamba utaratibu huo. Wanawake na vijana hawakuwa na sauti sawa na wazee, na hata ngoma ilitumika kulinda ngazi hizo. Miongoni mwa Mijikenda, ngoma iitwayo mwanza ilikuwa mali ya wazee wenye daraja, na asiyestahili alikatazwa kuiona. Mlio wake ulikuwa amri. Basi matumizi ya ngoma kwa ajili ya kunyamazisha watu hayakuletwa na wageni. Mbegu yake ilikuwamo kayani tangu zamani.

Hata hivyo, nje ya moro palikuwa na ngoma za watu wote, na huko asiye na kiti katika ngambi aliweza kupata ulimi. Sengenya, ngoma mashuhuri ya Wadigo na Waduruma, ina jina ambalo kwa msikilizaji wa Kiswahili humkumbusha kusema mtu asipokuwapo. Katika ngoma za namna hii mtunzi aliweza kumgusa mkubwa kwa fumbo, na aliyeguswa, au jamaa zake, waliweza kutunga la kujibu. Mwambao mzima uliijua desturi hiyo ya kujibizana. Mjini Mombasa, Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, aliyatia katika mashairi mambo ya mji wake na ugomvi wa Mazrui na Sayyid Said wa Unguja, na mashairi yakawa sehemu ya mabishano ya siku zile. Burudani ilikuwapo tele. Lakini aliyeburudishwa leo aliweza kuwa mburudishaji kesho.

4. Maana Mpya ya Baraza

Himaya ya Waingereza ilitangazwa mwaka 1895. Mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi alishika silaha, na katika 1896 akavuka mpaka na kujisalimisha upande wa Wajerumani. Baada ya hapo utawala wa pwani ya kusini uliandikwa upya. Sheria ya 1902 iliwaweka wakuu wa vijiji chini ya serikali, na ile ya 1937 ikaweka wazi zaidi mamlaka ya machifu.

Neno baraza laonyesha badiliko hilo vizuri kuliko hati nyingi. Katika nyumba ya Kiswahili, baraza ni kikao cha mbele ya mlango, mahali ambapo mwenye nyumba na mpita njia huketi pamoja na kupeana habari. Katika utawala wa kikoloni likawa mkusanyiko ulioitishwa na chifu au mkuu wa wilaya ili kutangaza kodi, kazi na amri. Jina lilibaki, lakini njia ya maneno ikawa moja: yakitoka mezani kuelekea majanini. Wakati huo huo vyama vya beni vilichipuka katika miji ya mwambao, vikishindana kwa mavazi, vyeo na bendi. Mjini Mombasa Kingi na Sikoti vilijulikana sana. Terence Ranger, katika utafiti wake wa 1975, alikataa kuiona beni kuwa uigaji tu, akaonyesha kwamba ndani yake watu walijifunza kuunda vyama, kuchagua viongozi na kushindana. Hilo latia nguvu hoja ya makala haya: palipokuwa na mshindani wa kujibu, hata gwaride la mchezo liliweza kuwa chuo cha siasa.

Uhuru wa 1963 haukulirudishia baraza maana yake ya kwanza. Redio ikawa mali ya serikali chini ya jina la Sauti ya Kenya mwaka 1964, nayo iliwaletea watu wa Msambweni na Kinango muziki, michezo ya kuigiza na taarifa za viongozi, katika chombo kisicho na mdomo wa kuulizia. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alitoa kijikaratasi kilichokuwa na jina la swali, Kenya: Twendapi? Jibu lilikuwa kifungo cha miaka mitatu. Katika kifungo hicho alitunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Swali lililoulizwa hadharani lilijibiwa kwa ukuta.

Katika miaka ya utawala wa Daniel arap Moi, kuanzia 1978 hadi 2002, vikundi vya ngoma na kwaya vikawa sehemu ya lazima ya ziara na sikukuu za taifa. Ngoma ile ile iliyokuwa na ulimi wa kusengenya ilipangwa kandokando ya barabara kumpokea kiongozi na kumsifu. Haikuwa na nafasi ya kumjibu. Wakati huo huo, mkutano wa hadhara wa siasa ulihitaji leseni ya serikali, na sharti hilo halikuondolewa mpaka marekebisho ya 1997. Hivyo kwa miaka mingi mkusanyiko wa kuimba sifa ulikubalika pale ambapo mkusanyiko wa kuuliza ulihitaji ruhusa.

5. Diani: Ngoma Bila Msikilizaji

Hoteli za kitalii ziliongezeka upesi katika ufuo wa Diani tangu miaka ya 1970, na vikundi vya ngoma vikapata soko jipya. Wengi walilisha jamaa zao kwa fedha hizo, na si haki kuwalaumu. Lakini soko lina masharti yake. Mgeni asiyejua Kidigo hawezi kuchomwa na fumbo, wala hawezi kulijibu. Kwa kuwa maneno hayakununuliwa, maneno yalipungua. Mshindo na mavazi vilinunuliwa, navyo viliongezeka. Ngoma ya usiku kucha ikafupishwa ili itoshee muda wa chakula cha jioni.

Lugha ilipitia njia hiyo hiyo. Salamu ya Kiswahili hujambo ina nafsi ya pili na ukanushi ndani yake, na jibu lake, sijambo, lina nafsi ya kwanza. Mtu mmoja hawezi kuikamilisha peke yake. Jambo ya watalii haina nafsi wala ukanushi. Anayeitamka hamwulizi yeyote, na anayeijibu huirudia tu. Wimbo wa Jambo Bwana uliotolewa na kundi la Them Mushrooms mwaka 1982 uliichukua salamu hiyo ya ufuoni na kuisambaza duniani kote. Wimbo huo si kosa, na uzuri wake haukanushiki. Ila ni alama ya wakati ambapo Kiswahili cha pwani kilijulikana mbali kwa salamu yake kuliko kwa habari inayofuata baada ya salamu.

Na habari ilikuwapo. Katika miongo hiyo ardhi ya ufuoni ilimilikishwa watu wa mbali ilhali wenyeji wengi waliishi bila hati. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 iliiweka dhuluma ya ardhi miongoni mwa vyanzo vikuu vya manung'uniko ya Pwani. Ufuo ambao wageni waliujua kwa ngoma na nyimbo za kukaribishwa ndio uliokuwa na mgogoro mzito kuliko yote, na lugha iliyosikika ukumbini haikuwa na neno juu yake.

6. Mfano wa Kinyume: Kimondo

Msomaji aweza kudhani kwamba lawama ni ya vyombo vya kisasa. Lamu yatoa ushahidi wa kinyume. Katika uchaguzi wa 1974 na ule mdogo wa 1975, washairi wa Lamu walishindana kwa tungo za siasa zilizokuja kujulikana kwa jina la Kimondo, na ambazo Assibi Amidu alizichapishia uchunguzi mwaka 1990. Tungo hizo zilienea kwa kanda za kaseti. Chombo kilikuwa kipya, na watu waliburudika. Lakini kila utungo ulizaa jibu, na jibu likazaa jibu. Wapiga kura walisikia sifa za mgombea na aibu zake katika lugha waliyoimiliki, wakapima wenyewe.

Kaseti haikuyaua mazungumzo ya Lamu kwa sababu mtu wa kawaida aliweza kurekodi kama alivyoweza kusikiliza. Basi tofauti ya Kimondo na ngoma ya kandokando ya barabara si ya zamani na sasa, wala si ya fasihi simulizi na mitambo. Ni tofauti ya burudani yenye zamu na burudani isiyo na zamu.

7. Baada ya Katiba ya 2010

Katiba ya 2010 inasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na katika cha kumi inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilitaka wananchi wahusishwe katika mipango na bajeti. Tangu 2013 watu wa Kwale wana serikali ya kaunti, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za kaya sheria inawataka waseme kabla ya neno kukatwa.

Yapo mambo ya kusemewa. Uchimbaji wa madini ya titani huko Msambweni, uliohamisha jamaa nyingi kutoka Nguluku, ulianza uzalishaji mwaka 2013 chini ya kampuni ya Base Titanium na ukafika mwisho Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Jamii hiyo ni nani? Nani aizungumzie? Ardhi iliyochimbwa irudi kwa nani, na kwa kazi gani? Maswali haya hayajibiwi kwa shangwe.

Lakini uwanja wa kuyajibia umebanwa. Katika mikutano ya kampeni, magari ya vipaza sauti na wasanii wa kukodiwa huchukua saa nyingi, na mgombea husema dakika chache. Uchaguzi mdogo wa Msambweni wa tarehe 15 Desemba 2020, ambao Feisal Bader alishinda akiwa mgombea huru, ulielezwa na vyombo vya habari vya taifa zaidi kama pambano la William Ruto na Raila Odinga kuliko kama shauri la Msambweni. Watu wa Gazi na Ramisi walikuwa wakitazamwa wakipiga kura juu ya mchezo wa wengine.

Hata matanga hayakusalimika. Kwa desturi, siku za kukaa matanga zilikuwa pia siku za shauri: deni la marehemu liliulizwa, mayatima waligawiwa walezi, na urithi ulianza kuzungumzwa. Katika sehemu za Kwale na Kilifi ilizuka disko matanga, ambayo hupigwa usiku kwa vipaza sauti, mara nyingi kwa nia ya kuchangisha fedha za mazishi. Maafisa wa utawala wameipiga marufuku mara kadhaa, wakitaja mimba za wasichana wadogo na fujo. Sababu hizo zina haki yake. Hata hivyo lipo la tatu ambalo halitajwi sana: mahali ambapo jamaa walikuwa wakisikilizana, sasa hawawezi kusikiana. Na marufuku pekee hayawezi kurudisha shauri. Yaweza kuzima kipaza sauti tu.

Mwishowe ni istilahi yenyewe. Katika maandishi ya serikali na vyombo vya habari, haki hii mpya mara nyingi huitwa ushirikishwaji wa umma. Neno hilo limeundwa kwa kauli ya kutendesha na ya kutendwa kwa pamoja: shirik-ish-w-a. Umma haushiriki, wala haushirikiani, unashirikishwa. Ni kauli ile ile ya kuburudishwa. Na vikao vingi hufuata sarufi ya jina lao: hati ya bajeti imeandikwa kwa Kiingereza, afisa huieleza kwa haraka, watu hupewa soda, hutia sahihi ya kuhudhuria, na hurudi makwao. Katiba, katika kifungu cha saba, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hati ambayo mwenyeji hawezi kuisoma haiwezi kupata jibu lake.

8. Hitimisho

Historia ya pwani ya kusini haiungi mkono dai kwamba watu walijitawala vema wakati hapakuwa na burudani. Ngoma ilikuwapo kabla ya chifu, kabla ya hoteli na kabla ya redio. Kilichopungua, hatua kwa hatua, ni zamu ya pili: wimbo wa kujibu, mpita njia wa barazani, sijambo baada ya hujambo.

Kwa hiyo swali la kuulizwa juu ya burudani yoyote, iwe ngoma, kaseti, televisheni au simu ya mkononi, si kama inafurahisha. Ni kama anayefurahishwa ana njia ya kusema la kwake, kwa lugha yake, mbele ya watu wale wale. Wanalugha wana kazi hapa isiyoweza kuachiwa wanasiasa: kuzitia bajeti na sheria za kaunti katika Kiswahili kinachosomeka, na muhtasari wake katika Kidigo na Kiduruma, ili kikao cha wadi kiwe na kitu cha kubishania. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Yaweza kupasuka yenyewe. Lakini ikipasuka hali watu wamesahau kushauriana, kimya kitakachofuata hakitakuwa baraza.